Sabuni ya Komamanga Isiyotoa Povu

Nevena alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, akiishi na wazazi wake ghorofa ya nne, nyuma ya kituo cha treni mjini Kraljevo. Wiki ambazo darasa lake lilisoma asubuhi, alirudi nyumbani mchana na ufunguo wake shingoni, akapasha supu, akaosha sahani yake, kisha akakaa peke yake mpaka mama yake, Gordana, atoke kazini kwenye duka la mikate. Baba yake alikuwa dereva wa treni ya mizigo, na mara nyingi hakuwepo. Nevena alijua kila kitu cha nyumba ile kinakaa wapi. Alijua pia kitu asichotakiwa kukigusa, nacho kilikuwa kabati la koridoni.

Kila nyumba ya mji ule ina kabati la namna hiyo. Ndani mna pakiti za kahawa, maboksi ya chokoleti, na seti za kuogea zilizofungwa kwa plastiki na utepe. Hakuna anayekunywa kahawa ile wala kuoga kwa sabuni zile. Zinasubiri daktari wa kushukuriwa, mwalimu, au jirani. Zinatoka kabati hili zinaingia kabati lile, miaka nenda miaka rudi, na ukimuuliza mwenye nyumba kwa nini asifungue akaoga, atakutazama kana kwamba umemwambia achome mapazia.

Siku moja mwishoni mwa Februari, Nevena alirudi kutoka shule na rafiki yake Teodora. Siku hizo wasichana wote darasani walikuwa wakiwatazama kwenye simu wale wanaojaribu sabuni na vipodozi na kuvipa alama, na Teodora alitaka wajaribu nao. Aliingia bafuni, akageuka huku na huku.

"Kwenu mna nini cha kujaribia?" aliuliza. "Naona mche mmoja wa sabuni na shampuu ya baba yako ya mba. Sasa tutajaribu nini, mba?"

Nevena aliona aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyomfanya afungue kabati. Akatoa seti ambayo Zorica, dada mkubwa wa mama yake, aliwaletea Mwaka Mpya. Ilikuwa na chupa ya sabuni ya maji yenye harufu ya komamanga, kopo la sabuni ya chembechembe ya kusugulia mwili, na kijiboksi cha rangi nne za kope, zile za kila siku zisizopiga kelele: ya mchanga, kahawia, waridi iliyofifia na kijivu. Walifungua utepe, wakapuliza kwa draya ya nywele stika iliyoshika plastiki mpaka gundi ikalegea, wakaibandua taratibu.

Waliosha mikono mpaka mabegani, wakaosha miguu, wakarudia mikono. "Povu, kumi," alisema Teodora. "Harufu, tisa. Unanukia kama peremende." Kisha wakaja kwenye rangi. Teodora alizamisha kidole kwenye ile ya mchanga na kumpaka Nevena kwenye kope.

"Mbona haionekani?" Nevena alilalamika mbele ya kioo.

"Ndiyo maana ikaitwa ya kila siku, mjinga wee. Unaenda nayo shule na mwalimu hajui. Hebu tia kahawia. Aah, hiyo hapana, umekuwa kama mtu aliyepigwa ngumi."

Walicheka mpaka wakakaa sakafuni. Walipoacha kucheka, chupa ilikuwa imefika nusu. Nevena aliiinua kwenye mwanga wa taa, akamwonyesha mwenzake.

"Tia maji," alisema Teodora. "Nani ataifungua?"

Nevena akatia maji. Akalainisha rangi kwa kidole gumba kuficha shimo, akabandika stika, akafunga utepe. Seti ikarudi kabatini ikionekana nzima kama ilivyokuja.

Tarehe nane Machi, Sikukuu ya Wanawake, mama yake aliitoa. Aliamua kumpa Bi Desanka wa ghorofa ya kwanza, mjane aliyekuwa amemkatia na kumshonea mapazia asitake malipo, yeye huyo aliyekuwa akimlea Nevena alipokuwa mdogo. Nevena aliiona seti ikiwa mkononi mwa mama. Angeweza kusema; mama alikuwa bado anavaa viatu. Lakini alijiambia kwamba Bi Desanka naye ana kabati, ataiweka humo, halafu ataipeleka kwa mtu mwingine, na huyo naye kwa mwingine. Akaendelea na hesabu zake.

Bi Desanka hakuiweka kabatini. Kesho yake jioni alipanda mpaka ghorofa ya nne kwa miguu yake mibovu, akapiga kengele, akaikabidhi seti mlangoni bila kuingia.

"Gordana, kama hukutaka kunipa kitu, ungeacha," alisema akihema. "Sabuni maji matupu. Rangi imechimbwa kidole. Mimi sina mtu wa kumpelekea zawadi, nikasema basi, safari hii nioge mwenyewe, nami nijione mtu. Kumbe ni makombo. Mimi si jalala lako."

"Bi Desanka, nakuapia hata sikuifungua."

"Basi kamuulize aliyekupa. Hii mimi sikai nayo." Alishuka zake, na pale mlangoni mama alibaki amesimama na seti mkononi, masikio yamemwiva. Kisha akachukua simu.

Nevena alikuwa jikoni, na sauti ya Zorica ilimfikia kutoka ndani ya simu.

"Dada, ile seti uliyonipa Mwaka Mpya ilikuwa mpya?"

"Swali gani hilo?"

"Jibu. Umenipa kitu kilichotumika, nami nimempa mtu mzima, amenivua nguo mlangoni pangu. Niapie kwamba ilikuwa mpya."

"Mimi nikuapie?" ilisema simu. "Mimi niliyekusuka nywele siku yako ya kwanza shule, leo nikuapie kwa ajili ya sabuni?"

"Kwa hiyo hujaapa."

"Sijaapa na siapi."

"Basi na slava yenu mle wenyewe. Kwako sitii mguu tena."

Nevena aliposikia neno hilo, aliweka penseli chini. Slava ni siku ya mtakatifu wa nyumba, na ya nyumba ya Zorica huangukia tarehe ishirini na mbili Machi. Mtu haalikwi slava. Anakwenda tu, kwa kuwa ni wa pale. Dada asipotokea kwenye slava ya dada yake, mji mzima unajua kwamba wamekanana.

Hapo ndipo hasira zilipohamia katika nyumba ile zikatandika na godoro. Mama aligonga sufuria, akafunga milango kwa kishindo, akazungumza na jiko. "Ananipa uchafu halafu anakuwa mkali yeye," aliliambia jiko. Nevena naye alikuwa na hasira zake. Alimkasirikia Bi Desanka kwa kuoga. Alimkasirikia mama mkubwa Zorica kwa kutoapa. Aliwakasirikia watu wazima wote wanaofungia sabuni kabatini kama dhahabu. Zaidi ya wote alimkasirikia Teodora, akamfuata darasani wakati wa mapumziko.

"Twende kwetu ukamwambie mama."

"Nikamwambie nini mimi?" Teodora aliuliza huku akimenya chungwa. "Mkono uliotia maji ni wa nani?"

Nevena aliusukuma mkoba wa Teodora ukaanguka, vitabu vikatawanyika, na tangu siku hiyo hawakukaa dawati moja. Lakini lile swali alikwenda nalo nyumbani. Alijaribu kulijibu kwa namna nyingi, na kila mara mkono ulikuwa wake.

Siku ya slava ilifika, na nyumba ilinukia maharage. Kwa vile ni wakati wa mfungo wa kabla ya Pasaka, hakuna nyama wala maziwa, na maharage ya tanuri yenye vitunguu vingi yalikuwa kazi ya Gordana kila mwaka. Watu waliyaulizia tangu mlangoni kwa Zorica. Nevena aliingia jikoni akakuta chungu cha udongo, kile kinachotolewa mara moja tu kwa mwaka, kimejaa mpaka ukingoni.

"Maharage ya nani haya, Mama?"

"Yetu."

"Chungu kizima, sisi wawili?"

"Nevena, nimesema yetu." Mama aligeuka upande wa dirisha, na Nevena akaona anapangusa macho kwa kiwiko.

Nevena alitamani kukimbia. Badala yake akasema yote kwa mkupuo, kabati, draya, Teodora, chupa, bomba la maji, kidole gumba, asije akakata tamaa katikati.

Mama alitupa kitambaa ndani ya sinki. "Wiki mbili namlaani dada yangu," alisema, "na wewe umekaa hapo, unakula mkate wangu, unanisikiliza."

"Niliogopa. Ulikuwa umekasirika sana."

"Wakati ule nilikuwa nimekasirika? Sasa ndiyo utaniona nimekasirika. Vaa viatu. Leta ile seti."

Mama akabeba chungu kwa taulo mbili, na wakashuka. Ghorofa ya kwanza alisimama. "Gonga. Hapo utasema mwenyewe, mimi sina neno."

Bi Desanka alisikiliza mkono ukiwa kwenye kitasa. Nevena alipomaliza, mzee yule hakumwambia kwamba si kitu.

"Unajua ulichonifanya?" alisema. "Wiki mbili sisalimiani na mtu kwenye ngazi hizi. Najisemea, Desanka, umefika mahali watu wanakupa mabaki. Nilikulea wewe. Nilikuosha kichwa kwa mikono hii. Ungekuja siku ile ile, ningekucheka tu."

Nevena alilia. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

"Vaa koti, Bi Desanka," hatimaye mama alisema. "Tunakwenda slava kwa dada yangu. Kama atanifungulia."

"Na sabuni ile?"

"Ile anaibeba huyu aliyeiharibu."

Walitembea, wanawake wawili na msichana, na harufu ya maharage ikitangulia mbele yao. Zorica alifungua mlango akiwa na sahani ya ngano iliyochemshwa na kutiwa sukari mkononi, ile anayopewa kila mgeni kijiko kimoja kabla hajaingia. Alipomwona ndugu yake, uso ulimkauka. Ndani wageni walikuwa wakiongea na vijiko vikigonga sahani.

"Mama mkubwa," Nevena alisema kabla hajakaribishwa, "ile seti ilikuwa mpya. Mimi ndiye niliyeifungua, na mimi ndiye niliyetia maji."

Zorica alimtazama mtoto, kisha mama yake. "Ilikuwa mpya?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kwa kweli.

"Kwani wewe hukujua?" Gordana aliuliza. "Kwa nini hukuapa, basi, tukamaliza siku ile ile?"

"Ningeapaje? Mimi nililetewa na mke wa bosi wa mume wangu Milutin, nikaitia kabatini na utepe wake. Ndani sikuona. Ningesema nini, kwamba ndugu yangu nimempa zawadi niliyopewa? Nikaona afadhali nigombe."

Gordana alikishika chungu vizuri zaidi. "Na zile taulo za bluu nilizokuletea mlipohamia," alisema polepole.

"Nilizijua. Zilikuwa zangu, nilikupa mwenyewe harusini kwako."

Bi Desanka ndiye aliyeanza kucheka, kisha Zorica, akashika ukuta ili ngano isimwagike. Gordana alicheka mwisho, na kicheko chake kilikuwa na machozi. Nevena hakuthubutu kucheka, akabaki nyuma na seti yake kifuani. Zorica akainama mpaka macho yao yakawa sawa, naye hakuwa akicheka tena.

"Kosa lako lilikuwa la maji kikombe kimoja," alisema. "Ungelisema siku ile, lingeishia bafuni kwenu. Ulilinyamazia likaingia nyumba tatu. Nasi wakubwa hatukukuonyesha mfano mzuri. Nilikuwa na ukweli wangu, nikauficha kwa kelele, kwa sababu mtu akikasirika hakuna anayemuuliza kitu. Lakini aliyesema ukweli anaona aibu mara moja tu, halafu anaingia ndani anakula na wenzake. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mama mkubwa. Nisamehe."

"Wale wawili kukusamehe ni shauri lao. Kwangu mimi, chukua kijiko." Nevena alichukua kijiko cha ngano, na Zorica akapokea chungu cha maharage kwa ndugu yake, akakipeleka katikati ya meza.

Kesho yake Gordana alifungua kabati la koridoni. Kahawa akaihamishia jikoni ikanywewa, na boksi jipya la chokoleti Nevena akatumwa alipeleke ghorofa ya kwanza, akae hapo mpaka Bi Desanka alifungue mbele yake na kula. Draya ilifungiwa. Adhabu nyingine ilikuwa ya jioni. Kila siku, mpaka tone la mwisho, Nevena angeoga kwa sabuni yake ya komamanga, ile na si nyingine.

Jioni ya kwanza alisimama bafuni akaimimina kiganjani. Ilipita kati ya vidole kama ilivyotoka bombani.

"Inatoa povu?" mama aliuliza kutoka nje ya mlango, na sauti yake ilikuwa bado na makali.

"Haitoi, Mama."

"Sugua."