Kandambili Ndani ya Pampu

Ndugu zangu, sikilizeni habari ya Mhina wa hapa Sindeni. Ni mtu mwema, sala hazimpiti, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: ujuaji.

Ilikuwa asubuhi tulivu. Kesho yake binti yake Hafsa angeolewa. Wanawake walichambua mchele uani, na Hajira, mama wa bibi harusi, aliimba. Maji ya shughuli yangetoka kisimani kwao, lakini pampu ilikuwa inavuja. Rhoda, fundi pampu wa Manundu, alikuwa amempa Mhina sili mpya, kifaa cha kuziba uvujaji, yenye pete nyeusi ya grafiti.

Mhina aliishika, kidole kikawa cheusi. Akaikwaruza mlangoni, ikaandika.

"Mama Hafsa, njoo uone! Nimeuziwa penseli!"

"Rhoda kasema uso wa hiyo pete usiguswe. Ifunge kama ilivyo."

"Mimi na pampu hii, nani kamkuta mwenzake?"

Akachukua kandambili ya mkewe, akakata pete ya mpira, akaifunga badala ya ile nyeusi na kuwasha. Pampu ikaguna, mpira ukanuka, maji yakamrukia Mhina mpaka kwenye kofia.

"Zima, baba Hafsa! Kandambili yangu inalia!"

Wanawake wakacheka, kisha wakakumbuka maji. Mapipa yalikuwa matupu. Pilau ingepikwa na nini? Wageni wangenawa wapi? Hafsa akaanza kulia.

Wewe ndugu yangu ungefanya nini? Mhina aliomba dua kimoyomoyo, kisha akafanya lililo gumu kuliko kufunga pampu. Alimpigia Rhoda simu, akasema, "Mwanangu, nimekosea. Njoo."

Rhoda alifika kwa bodaboda na sili nyingine, akaiona kandambili iliyokatwa.

"Shikamoo mzee. Kandambili ya pili iko wapi? Tuiweke akiba."

"Marahaba," Mhina akajibu, akacheka kuliko wote.

Rhoda akamweleza: pete ya sili husuguliwa muda wote pampu inapozunguka. Grafiti, madini yale yale ya penseli, hujilainisha yenyewe na huvumilia joto. Mpira wa kandambili huungua. Na uso wa grafiti ukikwaruzwa, maji hupata njia.

Alasiri mapipa yalijaa, alhamdulillahi. Siku ya harusi wanawake walitunga wimbo wa kandambili, na aliyeucheza mbele yao ni Mhina mwenyewe. Kandambili iliyobaki Hajira ameitundika juu ya pampu.

FUNZO

Mwenyezi Mungu amegawa maarifa kwa watu wengi ili tuhitajiane. Usidharau kitu kwa kuwa kimekuchafua kidole, wala usione haya kuuliza. Na ukikosea, sema mapema, pipa likiwa bado linaweza kujazwa.