Duara Lililokatwa

"Fumua hiyo alama, shangazi. Nakuomba."

"Sifumui. Nimeshona asubuhi nzima, leo nifumue kwa sababu wewe umeota?"

Sikuwa nimeota. Nilishika gauni la mdogo wangu, Chiriku, nikamwonyesha shangazi ndani ya kola: duara dogo la uzi mwekundu, limekatwa na mstari wa mshazari. Nje, Chiriku mwenyewe alikuwa akiruka kamba.

Shangazi ni dobi. Kila nyumba inayotuletea nguo ina alama yake, tunaishona ndani ya kola ili nguo zisichanganyike. Alama zake zilipomwishia, nilimpa za kwenye daftari langu la hesabu, ukurasa wa mwisho. Mwalimu alituandikia ubaoni, akasema maana zake atatueleza kesho. Kesho yake mama alifariki, nami nikahamia kwenye karai la kufulia. Maana sikuipata. Chiriku ndiye aliyebaki shuleni, akaniahidi kwamba atanifundisha yote yaliyonipita.

Duara lililokatwa tuliipa nyumba ya seremala. Mwanzoni furushi lao lilinivunja shingo: nguo za seremala, za mkewe, za mama mkwe, za mabinti wawili. Baada ya wiki mbili hazikuja za mama mkwe. Kisha za mke. Kisha za binti mkubwa... Na sasa shangazi, kwa kuwa gauni jingine la Chiriku lilipotelea kwa wateja, kaipenda alama hiyohiyo kwa wepesi wake. Kaishona kwenye nguo zote za Chiriku.

"Watu husafiri," alisema. "Akili zote hizo ungezipeleka shule."

Akainamia karai lake, maana alijua ni nani aliyenitoa shule. Akanituma nipeleke nguo za seremala kabla giza halijaingia.

Seremala alifungua mlango nusu. Nikampa mashati yake mawili na sweta la binti mdogo, lililokuwa limesahaulika kwetu. Sweta alinirudishia.

"Hili si letu, binti. Naishi peke yangu. Sijawahi kuoa."

Hakuwa akitania. Nyuma yake, kwenye fremu ya mlango wa chumbani, niliona mistari ya penseli aliyokuwa akipimia vimo vya watoto wake, mmoja juu ya mwingine. Nikamwuliza ni ya nini. Akaitazama muda mrefu, kama mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoijua.

"Sijui," akanong'ona. "Nimeikuta."

Nyumba ilinuka vumbi la mbao. Na chini ya vumbi hilo, sabuni ya mtoto.

Kisha, mle chumbani, kitu kikakohoa.

Kikohozi kidogo...

Seremala hakugeuka.

Nilikimbia mpaka kwa mwalimu wa hesabu, nyumba ya nne kutoka hapo. Nilimkuta kibarazani akisahihisha madaftari. Nikaichora ile alama vumbini kwa kidole. Alifurahi, akasema mwanafunzi mzuri hafi na swali. Hiyo ni seti tupu, alisema. Kundi lisilo na mwanachama hata mmoja. Nikamwuliza waliokuwamo huenda wapi. Akacheka kidogo.

"Hawaendi popote. Hawakuwamo."

Nyumbani shangazi alikuwa uani akianua nguo. Nilichukua wembe, nikaingia chumbani, nikafumua. Gauni, blauzi, sare ya shule. Uzi mwekundu ukanijaa mapajani. Lakini kitambaa kilikuwa kimeshika matundu ya sindano, duara zima na mkato wake, na nilivyozidi kuyasugua kwa kucha ndivyo yalivyozidi kuonekana. Nikazikata kola zote kwa mkasi.

Ndipo nikatazama godoro tunalolalia mimi na Chiriku.

Lilikuwa na bonde moja tu, katikati. La mgongo wangu.

"Chiriku," nikaita polepole.

Nikafungua dirisha.

Nikaita tena, kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Chini ya dirisha mtu alivuta pumzi, karibu sana, kama anayetaka kujibu... Nikachungulia. Palikuwa na ukuta na kivuli cha ukuta.

Nyayo zikaja kutoka uani. Shangazi akasimama mlangoni, nguo zimemjaa kifuani, akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu," akasema, "unamwita nani?"