Mkono wa Kimutai Kwenye Maporomoko

Jumamosi hiyo ya mwaka 1954 jua liliwaka vizuri juu ya majani ya chai, na Elmina alimaliza kufua mapema. Mumewe, Kimutai, alikaa kizingitini akipaka masharubu nta ya nyuki kutoka mizinga yake. Alijitazama kwenye kioo, akakunja uso, akacheka, akahuzunika, kisha akacheka tena.

Hakuwa mwendawazimu. Alikuwa mwigizaji. Zamani, Wazungu waliopiga sinema zisizo na sauti walimtoa kwenye kibarua wakamweka mbele ya kamera, na tangu hapo hakupenda kitu kingine ila nyuki wake na uso wake. Ukimpa tumbaku kidogo, angekulilia kwa jicho la kulia peke yake, la kushoto likabaki kavu.

Elmina alimpendea machozi hayo. Kaka yake Elmina, Ojwang, aliigiza pamoja na Kimutai, na ndiye ambaye Wazungu walitaka kumpeleka Ulaya. Hakufika. Alizama kwenye maporomoko ya mto Kipsonoi, na mwili haukuonekana. Kimutai ndiye aliyeleta habari.

"Aliteleza," alisema. "Nilinyoosha mkono, nikamkosa."

Alilia siku tatu. Mwaka uliofuata akamwoa Elmina.

Mchana huo gari la sinema lilifika shambani. Madirisha ya ghala la kunyaushia majani yalizibwa kwa magunia, na shuka jeupe likapigiliwa ukutani. Zacheus, mwenye mashine, alikuwa na furaha.

"Mzee! Nimepata picha yako ya zamani. Leo watu watakuona ukiwa kijana!"

Kimutai alivimba kichwa. Akaketi benchi la mbele kabisa. Elmina alibaki nyuma karibu na mlango, kwa sababu ya joto.

Mashine ikanguruma. Kimutai kijana akatokea, masharubu membamba, kifua wazi. Watu wakapiga vigelegele. Kisha akaja Ojwang, akicheka, na Elmina akashika mdomo. Miaka ishirini na minane hakuwa ameuona uso ule.

Wawili hao wakaanza kupigana mieleka ya uongo juu ya mwamba. Nyuma yao maji yalianguka bila sauti. Ojwang akageuka, kama mtu aliyeitwa na kamera. Kimutai akanyoosha mkono.

Mkono ulinyooshwa kweli. Ulisukuma.

"Lo! Mzee alikuwa na nguvu!" mtu akapayuka. Ghala zima likacheka. Wazungu walijua, na picha hawakuitupa. Ilikuwa nzuri mno.

Elmina hakucheka. Kimutai alikuwa amesimama. Alitembea haraka katikati ya mabenchi, akielekea mlangoni.

Kwenye shuka, kitu kikapanda mwamba kutoka chini. Kilikuwa Ojwang. Amevimba. Maji yanamtoka puani. Akachuchumaa ukingoni, akawatazama watu, akaanza kuchezesha midomo.

Watu hawakusikia kitu. Lakini mama yao Elmina na Ojwang alikuwa kiziwi, na tangu utotoni watoto hao walisema naye kwa midomo tu. Elmina aliyasoma maneno kama yamechapwa kitabuni.

*Dada. Funga mlango.*

Aliinuka. Akalisukuma komeo. Akaegemeza mgongo wake hapo.

"Mama Joab, fungua," Kimutai alinong'ona. "Tafadhali."

Chozi lilimtoka jicho la kulia. Moja tu. Elmina alilitazama likishuka hadi kwenye masharubu.

"Lia na la pili," akamwambia polepole.

Hakuweza.

Shuka likawa jeupe. Taa ya mashine ikazimika. Gizani, maji yakaanza kudondoka. Tone. Tone. Kimutai akakoroma, akapigapiga sakafu kwa miguu. Watu walidhani anaigiza. Wakampigia makofi. Alipokoroma zaidi, wakashangilia zaidi.

Aliponyamaza, Zacheus alivuta gunia dirishani.

Kimutai alilala chali hatua mbili kutoka kwa mkewe, tumbo limejaa, povu la mtoni mdomoni. Mvua haikuwa imenyesha wiki mbili. Elmina hakulia wala hakuinama.

Ndipo Zacheus alipoona nyayo sakafuni, nyayo za maji za mtu asiye na viatu. Zilianzia chini ya shuka, zikapita katikati ya mabenchi, zikafika kwa Kimutai. Hapo hazikuishia. Ziliendelea hadi mlangoni, vidole vikagusana na vidole vya Elmina.

Hazikurudi. Na komeo lilikuwa bado limefungwa.