Mapafu Yaliyojaa Maji

Fundi cherehani alikuwa akishona upindo wa suruali ya mteja, mumewe aliporudi kutoka kazini. Mumewe alikuwa msafishaji wa vyoo katika jengo la ofisi. Kwa kawaida hakuingia ndani bila kumtania mkewe. Siku hiyo aliingia kimya, macho mekundu, akikohoa.

"Choo cha chini kilinishinda," alisema. "Nikachanganya blichi na asidi ya choo, uchafu utoke mara moja. Ikatoka harufu ya kukaba roho."

"Mlango ulikuwa wazi?"

"Niliufunga, harufu isisumbue watu."

Akanywa maziwa, akajilaza. Maziwa yalikwenda tumboni. Hewa ya sumu ilikuwa mapafuni.

Jioni alikuwa akihema kama mtu aliyekimbia, naye amekaa tu kitini. Midomo ilianza kubadilika rangi. Mkewe alimpigia simu shemeji yake, dereva wa teksi, wakamkimbiza hospitali.

Huko aliwekewa oksijeni. Haikutosha. Wakamlaza usingizi wa dawa na kumuunganisha na mashine ya kupumulia. Ndipo daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alipowaita pembeni.

"Mapafu yake yameumia na yanajaa maji," alisema. "Ngoja niwaeleze kwa nini. Mwilini kuna vitu vidogo sana vinavyoitwa vimeng'enya. Kazi yao ni kuharakisha mambo. Vingine husaga chakula tumboni. Vingine hubebwa na chembe nyeupe za damu, kuua vijidudu. Pafu likiumia, chembe hizo hukimbilia pale kwa wingi na kumwaga vimeng'enya kupita kiasi. Vikikosa kijidudu cha kula, vinakula pafu lenyewe. Kuta zake zinavuja."

"Askari wamegeuka wezi," shemeji alisema.

"Karibu hivyo. Sasa kuna dawa inayojaribiwa, ya kuvizuia vimeng'enya hivyo. Bado hatujui kama inasaidia. Naomba ruhusa mgonjwa aingie katika utafiti. Mna haki ya kukataa."

Shemeji alikunja uso. "Kaka yangu si panya wa majaribio, shemeji. Usikubali."

Fundi alimgeukia daktari. Alizoea kuuliza wateja maswali kabla ya kutia mkasi kwenye kitambaa.

"Nikikataa, mtamwacha?"

"Hapana. Mashine, oksijeni, uangalizi, vyote vitaendelea vile vile."

"Nikikubali, atapewa dawa hiyo?"

"Huenda. Nusu ya wagonjwa hupewa dawa, nusu hupewa maji ya chumvi yanayofanana nayo. Hata mimi sitajua amepata ipi. Nikijua, nitaona ninachotaka kuona."

"Ina ubaya gani?"

"Vimeng'enya hivyo pia hutulinda. Tukivizuia mno, anaweza kupata maambukizi. Tutampima kila siku."

"Na akiamka akasema hataki?"

"Tutaacha hapo hapo."

Fundi alimtazama shemeji yake. "Amejibu yote, na mabaya hakuyaficha," alisema. Akakubali. Shemeji hakupinga tena, ila alikaa mbali na daktari.

Siku za mwanzo hali ilikuwa mbaya. Fundi aliketi kwenye benchi la wodi, hana cha kushona. Kisha oksijeni ikaanza kupunguzwa kidogo kidogo. Mgonjwa alipoondolewa mashine, sauti yake ilikuwa ikikwaruza.

"Nani anashona suruali ya yule mteja?" aliuliza.

"Atavaa kaptula," mkewe alijibu, kisha akalia.

Aliporudi kazini, msafishaji aliweka blichi na asidi kwenye makabati mawili tofauti. Akawaonyesha wenzake: dawa moja ya kusafishia kwa wakati mmoja, mlango na madirisha wazi, na aliyevuta hewa mbaya atoke nje na aende hospitali hata kama anajiona mzima.

Shemeji naye alikuwa amegeuka. Kila abiria alisimuliwa habari ya dawa mpya iliyomfufua kaka yake. Ndipo jirani mmoja akamjia fundi.

"Mama anahema vibaya tangu asubuhi," alisema. "Nitajie dawa aliyopewa mumeo, nikainunue."

"Sijui kama alipewa dawa au maji," fundi alijibu. "Daktari naye hajui bado. Utafiti haujaisha. Ninachojua ni kwamba tulichelewa hadi jioni, na tungengoja zaidi ningemzika."

Alizima cherehani, akampigia shemeji alete gari. Mama yule alifika hospitali akiwa bado anaweza kutaja jina lake mwenyewe.