Kiu Ndani ya Betri

Asubuhi Aurelia alijaza maji ya betri katika vyumba vyote sita, akakaza vifuniko kwa mkono wake mwenyewe. Saa sita mchana alipofungua, vyumba vilikuwa vikavu kau. Betri haikuwa na ufa, na sakafuni hapakuwa na tone.

Betri hiyo ilikaa chini ya kitanda cha tela dogo la kulala, lililoachwa na wageni waliopiga kambi kando ya mto. Sasa, mwaka wa tisini na nne, lilikuwa mikononi mwa Sylvanus, tabibu kijana, aliyelitaka kwa ajili ya friji yake ndogo ya betri. Ng'ambo ya mto Kilombero, kwenye maboma ya wafugaji wa Kisukuma, surua ilikuwa imeua watoto wanne, na chanjo isipokaa kwenye baridi huharibika. Mafundi wawili wa mtaa wa Viwanja Sitini walilirudisha tela bila kueleza sababu. Ndipo Sylvanus akaja mtaa wa Mlabani kwa Aurelia, mjane aliyerithi koleo za mumewe pamoja na kazi yenyewe ya ufundi umeme.

Aurelia alidhani chaja ndiyo iliyokuwa ikichemsha betri. Akaichomoa. Akasugua kutu kwenye vichwa vya betri, akatoa fyuzi moja moja, akafuata kila waya kwa taa ya kupimia hadi nyuma ya friji. Zote zilikuwa nzima. Akafunga betri mpya. Kesho yake saa sita, nayo ikakutwa kavu.

Siku ya tatu alijifungia ndani, akaketi kitandani. Jua lilipofika utosini, pakaanza kunuka tope la bwawa na nywele zilizoungua. Kisha chini yake akasikia kitu kikifyonza taratibu, kama mtoto anyonyavyo. Akainama kutazama. Hakuona kitu, ila sauti kavu ilisema, "Ongeza."

Alitoka, akamsimulia Sylvanus. Kijana akanong'ona kuwa hilo ni jini, wamwite mzee Fulgensi, mganga wa Lumemo, ingawa dawa yake huchukua siku saba.

"Watoto wanazo siku saba?" Aurelia aliuliza.

Sylvanus aliinamisha kichwa. Alijua, kama mtaa mzima ulivyojua, kwamba surua ndiyo iliyomuua Jane, mtoto pekee wa Aurelia.

"Basi pakia chanjo, daktari. Mimi nitakaa na betri."

Wakaondoka siku iliyofuata, Landrova ikilivuta tela. Foleni ya kivuko ikawakwamisha, na saa sita ikawakuta hawajavuka. Harufu ilipoanza, Aurelia alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, viganja vimebana vifuniko vya betri, na kile kitu kilipokosa pa kupitia kikamgeukia yeye, jasho likamkauka mgongoni, mate yakaisha mdomoni, ulimi ukanata kwenye kaakaa, macho yakawa yanakwaruza kila alipopepesa, midomo ikapasuka lakini damu isitoke, baridi ikampanda kutoka vidoleni hadi mabegani kana kwamba amezamisha mikono kisimani, na muda wote huo friji ilikuwa ikinguruma karibu na kichwa chake, naye akaushikilia mngurumo ule asiuachie.

"Ongeza," sauti ikasema, safari hii ndani ya sikio lake.

"Hupati," Aurelia alijibu kwa sauti iliyokwaruza. "Maji ya watoto huyagusi. Ukitaka, ninywe mimi. Tuone nani atamaliza kwanza."

Kivuko kilipowavusha, Sylvanus alifungua mlango kwa woga. Betri ilikuwa imejaa hadi kwenye alama. Aurelia alikuwa ameketi, midomo imechanika, akimhimiza aendeshe.

Jioni hiyo walichanja watoto themanini na mmoja. Mama mmoja akamletea Aurelia kibuyu cha maziwa. Aliyatazama, akashangaa kwamba hakuwa na kiu hata kidogo. Akamshukuru mama yule, na alipofungua kinywa, tope la bwawa likanuka.

Sylvanus alirudi nyuma hatua mbili. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba jini hajatoka, amehamia kwake, waende kwa mganga usiku huohuo.

Aurelia alikuwa amekwisha inama, anakaza waya wa friji.

"Nilikwisha jua," alisema. "Akiwa kwangu hayumo kwenye betri, na aliyekunywa kwangu atanitumikia. Kesho tunaanza na boma lipi?"