Kukariri Siyo Kujua

Burito na mkewe Eufrasia walikuwa wakulima wa Butiama. Nyumba yao ilikuwa karibu na kitongoji cha Mwitongo, mahali alipozikwa Mwalimu Nyerere. Walilima mihogo na mtama, na walikuwa na ng'ombe sita. Mama mzazi wa Burito, Bibi Wakuru, aliishi nao.

Binti yao mkubwa aliitwa Nyamburi. Alikuwa kidato cha pili katika shule ya sekondari ya kata. Kila asubuhi alichota maji, akafagia uwanja, kisha akavaa sare na kwenda shule. Jioni alikaa nje ya jiko akasoma daftari lake kwa sauti. Alisoma sentensi moja mara kumi, mara kumi na tano, mpaka ikakaa kichwani.

Eufrasia alifurahi kuisikia sauti ile.

"Mtoto anasoma," alimwambia Bibi Wakuru. "Tusimsumbue."

Kwa hiyo hakuna aliyemuuliza anasoma nini.

Mwisho wa muhula wa kwanza Nyamburi alileta ripoti. Katika somo la Historia alipata alama sabini na moja. Burito aliikunja ripoti hiyo taratibu, akaiweka sandukuni pamoja na kadi za kliniki za watoto.

Ijumaa moja, basi la wanafunzi kutoka Mwanza lilikuja Mwitongo kutembelea makumbusho ya Mwalimu Nyerere. Nyamburi na wenzake walikuwa wanatoka shule. Kijana mmoja wa basi lile alikuwa anapiga picha za video kwa simu. Akamsimamisha Nyamburi.

"Dada, wewe ni wa hapa hapa?"

"Ndiyo, ni wa hapa."

"Basi tuambie. Tanganyika ilipata uhuru mwaka gani?"

Nyamburi alifikiri. Kulikuwa na mwaka mmoja ambao watu walikuwa wakiutaja sana pale kijijini.

"Elfu moja mia tisa tisini na tisa," alijibu.

Wageni wakacheka. "Huo ni mwaka aliofariki Mwalimu," kijana alisema. "Haya, lingine. Mkoa wenu umepakana na nchi gani?"

"Musoma," Nyamburi alisema kwa sauti ndogo.

Wakacheka zaidi. Nyamburi aliinamisha kichwa akaondoka. Nyumbani hakusema neno.

Wiki iliyofuata Burito alikwenda Bunda kununua mbegu. Akapita mtaa wa Nyasura kumsalimia shemeji yake, Enoka. Walipokuwa wanakunywa chai, Enoka alitoa simu.

"Shemeji, samahani," alisema. "Hii video imezungukaga sana huku. Huyu siyo Nyamburi?"

Burito aliitazama video hadi mwisho. Chini yake mtu alikuwa ameandika: "Hawa ndio watoto wa Butiama." Burito alirudisha simu. Chai yake hakuimaliza.

Alipofika nyumbani alimwita binti yake.

"Nimekuona kwenye simu, Bunda. Yule ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Ulileta sabini na moja. Uliangalizia kwa nani?"

"Sikuangalizia, baba. Nilisoma mwenyewe."

"Mtu aliyesoma hajui uhuru wetu? Amezaliwa hapa, anapita hapa kila siku, hajui?" Burito hakupaza sauti. Alikuwa amechoka. "Shangazi yako Brenda anaanika dagaa Musoma. Anatafutaga msichana wa kumsaidia. Muhula ukiisha utakwenda kwake. Kama shule haikufundishi kitu, kazi itakufundisha."

"Sawa, baba," Nyamburi alisema.

Hakulia wala hakubisha. Jambo hilo ndilo lililomuumiza Eufrasia. Aliona kwamba mtoto wake amekubali kuwa yeye ni mjinga.

Asubuhi Eufrasia alikwenda kwa jirani yao, Miriamu. Miriamu alikuwa nesi katika zahanati. Watu walimpenda kwa sababu alieleza mambo bila haraka. Eufrasia alimsimulia yote.

"Nitakuja leo nikitoka kazini," Miriamu alisema. "Mwambie Nyamburi aandae daftari la Historia."

Alifika jua likiwa bado juu. Burito alimpa kiti, lakini uso wake ulikuwa mzito.

"Nesi, karibu. Ila hapa hakuna mgonjwa."

"Asante, Baba Nyamburi. Nimekuja kumsikiliza mtoto tu." Akamgeukia Nyamburi. "Nisomee mlichoandika kuhusu uhuru."

Nyamburi hakufungua daftari. Alisimama wima, akatamka sentensi ndefu ya Kiingereza, moja kwa moja, bila kusita. Ndani yake lilikuwemo jina la Tanganyika, siku, mwezi na mwaka.

"Umesema vizuri," Miriamu alisema. "Sasa niambie kwa Kiswahili. Maana yake nini?"

Nyamburi alifungua daftari, akaitazama sentensi ile.

"Sijui, nesi. Mwalimu alisema hiyo itatoka kwenye mtihani. Ikatoka. Nikaandika, nikapata."

"Umesema kwamba Tanganyika ilipata uhuru tarehe tisa Desemba, mwaka elfu moja mia tisa sitini na moja."

Nyamburi alimgeukia.

"Ndicho alichoniuliza yule mgeni?"

"Ndicho hicho."

Nyamburi aliketi chini polepole. Burito naye alivuta kiti chake karibu.

"Kwa hiyo jibu alikuwa nalo," Burito alisema.

"Alikuwa nalo, ila hakujua kwamba analo," Miriamu alijibu. "Mtoto wako si mvivu wala si mjinga. Amekariri maneno, hakupata maana. Na mimi nilikuwaga hivyo hivyo. Nilipoanza chuo cha unesi nilikariri majina yote ya dawa. Siku moja mkuu wetu wa wodi akaniambia, 'Mweleze huyu mama dawa yake inafanya kazi gani.' Nilishindwa. Yule mama alinitazama, nami nikatazama ukuta. Siku ile ndipo nilipojua kwamba sijasoma."

"Basi kosa ni la walimu," Burito alisema.

Miriamu alimuuliza Nyamburi, "Darasani kwenu mko wangapi?"

"Tisini na mbili. Kitabu kimoja tunashika watu wanane. Mwalimu Dotto anafundisha Historia na Jiografia, kidato cha kwanza mpaka cha nne. Yuko peke yake."

"Umesikia," Miriamu alimwambia Burito. "Shule ina upungufu, na sisi wazazi lazima tuuseme kwenye mkutano. Lakini nikuulize na wewe. Huwa unamuuliza nini akirudi shule?"

"Namuulizaga, umesoma? Ananiambia, nimesoma."

"Hilo swali linajibiwa kwa neno moja. Mwambie akueleze. Kila siku achague jambo moja alilojifunza. Maneno magumu ayatafute kwenye kamusi au amuulize mwalimu. Halafu amweleze mtu wa nyumbani, kwa Kiswahili au kwa Kizanaki. Akishindwa kulieleza, basi hajalielewa bado. Si aibu. Aliandike kama swali, alirudishe shule."

"Amweleze nani?" Eufrasia aliuliza. "Sisi tuliishia darasa la saba. Bibi hakusoma kabisa."

"Bibi ndiye anayefaa zaidi," Miriamu alisema. "Asiyesoma huwezi kumdanganya kwa maneno makubwa."

Bibi Wakuru alikuwa anachambua mtama. Aliinua kichwa.

"Mnasema uhuru?" aliuliza. "Nilikuwa msichana wa miaka kumi. Baba yangu alitoka Musoma na bendera ndogo ya karatasi. Aliichomeka kwenye paa la nyasi. Sisi watoto tulimuuliza, uhuru ni mtu? Akatuambia, uhuru ni kwamba kuanzia leo tunajitawala wenyewe."

Nyamburi aligeuka. "Bibi, kumbe ulikuwepo? Mbona hukutuambia?"

"Hamkuniuliza."

Hata Burito hakuwahi kuisikia habari ya bendera ile, na yule alikuwa mama yake.

"Tutajaribu hadi mwisho wa muhula," alisema baadaye. "Halafu tutaona."

Mwanzo ulikuwa mgumu. Siku nyingine Nyamburi alirudi amechoka. Siku nyingine Bibi alisinzia katikati ya maelezo. Siku moja Nyamburi alimuuliza baba yake kwa nini mvua za vuli huchelewa, na Burito akaona aibu kwa sababu hakujua. Alitaka kumwambia aache maswali. Kisha akakumbuka maneno ya Miriamu.

"Hilo silijui," alisema. "Liandike."

Lakini yako mambo aliyoyajua vizuri sana. Siku waliyozungumza kuhusu mipaka, Burito alichukua kijiti akachora chini.

"Mkoa wetu siyo Musoma," alisema. "Musoma ni mji. Mkoa ni Mara, umepewa jina la ule mto. Huku magharibi ni ziwa. Ukienda kaskazini unapita Tarime, unafika Sirari. Nilipelekaga ng'ombe mpaka pale. Ukivuka Sirari uko Kenya."

Nyamburi alitazama mistari ile. "Yule mgeni aliniuliza nchi. Jibu lilikuwa Kenya."

"Ni Kenya."

"Na wewe ulikuwa unajua siku zote."

"Nilikuwa najua," Burito alisema. "Sikudhani kwamba hiyo ni elimu."

Waliongeza jambo lingine. Redio ilipotoa taarifa ya habari, hakuna aliyeizima. Jina la mahali likitajwa, Nyamburi alilitafuta katika ramani aliyoinakili shuleni. Eufrasia naye alianza kuuliza. Alitaka kujua mafuta ya kupikia yanatoka wapi, na kwa nini vita vya nchi za mbali vinapandisha bei ya mbolea.

Mwezi wa pili wa mazoezi hayo, Nyamburi alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mwalimu Dotto alikuwa anaandika noti ubaoni. Nyamburi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, neno la tatu pale sijalielewa."

Baadhi ya wenzake walicheka. Mwalimu Dotto aliacha kuandika.

"Nani mwingine hajalielewa?"

Mkono mmoja ulinyooka nyuma. Kisha mwingine. Mwishowe karibu darasa zima lilikuwa limenyoosha mikono. Mwalimu Dotto aliweka chaki mezani.

"Nimefundisha sura nne," alisema polepole. "Mngeniambia."

"Tuliogopa, mwalimu," Nyamburi alisema.

Mwalimu Dotto hakuwa na walimu wa kumsaidia, wala hakuweza kuongeza vitabu kwa siku moja. Lakini alibadilisha alichoweza. Kila alipomaliza kuandika, alimtaka mwanafunzi mmoja aeleze maana kwa maneno yake mwenyewe. Jumatano mchana aliweka nusu saa ya maswali ya aina yoyote. Aliyejua alijibu. Lisilojulikana liliandikwa kwenye karatasi ukutani, na wanafunzi walipewa wiki nzima kulitafuta.

Kwenye mkutano wa wazazi, Burito alisimama. Hakuwa mzoefu wa kusema mbele za watu.

"Mimi nilitaka kumtoa binti yangu shule," alisema. "Nilimwona hajui kitu. Kumbe na mimi sikuwa namsikiliza. Naomba mambo mawili. Tuchangie kamusi, angalau tano. Na sisi wazazi wenye ujuzi twende darasani Jumatano tuwaeleze watoto. Mvuvi aeleze ziwa. Nesi aeleze magonjwa."

Wazazi walikubali. Kamusi nne zilipatikana. Jioni ile Burito alimpigia simu dada yake Brenda, akamwambia atafute msichana mwingine aliyekwisha kumaliza shule.

Mzazi wa kwanza kualikwa darasani alikuwa Bibi Wakuru. Alikaa kwenye kiti cha mwalimu, fimbo yake magotini. Katika maisha yake yote hakuwahi kuingia darasani wakati wa kipindi. Alisimulia habari ya bendera ya karatasi, nao wanafunzi wakasikiliza kimya. Kisha mmoja wao, Shija, akauliza:

"Bibi, nchi ilikuwa Tanganyika. Kwa nini sasa inaitwa Tanzania?"

Bibi Wakuru alifikiri.

"Tuliambiwa tu jina limebadilika," alisema. "Kwa nini, hilo silijui. Nyie mnasoma. Tafuteni, mje mniambie."

Swali lilibandikwa ukutani. Wanafunzi wanne, Nyamburi na Shija wakiwamo, walisoma kitabu chao kwa msaada wa kamusi. Kisha walikwenda makumbusho kuuliza ili wahakikishe. Jumamosi walifika nyumbani kwa Bibi Wakuru na daftari moja. Hakuna aliyelifungua.

"Bibi," Nyamburi alianza kwa Kizanaki, "mwaka elfu moja mia tisa sitini na nne, tarehe ishirini na sita Aprili, Tanganyika iliungana na Zanzibar. Zilikuwa nchi mbili, zikawa nchi moja. Miezi michache baadaye wakatafuta jina jipya. Walichukua mwanzo wa Tanganyika na mwanzo wa Zanzibar, wakaunganisha."

Bibi Wakuru alilitamka jina polepole, kipande kwa kipande. Tan. Zan. Alitikisa kichwa.

"Miaka yote hii nimelitaja," alisema, "na sikujua nataja nini."

Burito alikuwa zizini, anafunga ng'ombe. Aliacha kamba, akaja akaketi chini pamoja na wanafunzi wale.

"Hebu rudia kuanzia mwanzo," alimwambia binti yake. "Na mimi nataka kuelewa."