Ufunguo wa Ukumbi wa Wageni

Mayasa hupika sambusa. Huanza asubuhi, mumewe Mbarouk akishateremka bandarini kupakua mizigo. Hanyanyui kichwa mpaka alasiri, sambusa zinapokuja kuchukuliwa kwenda kuuzwa Forodhani. Siku za skuli mambo huwa mepesi. Lakini mwezi wa Disemba skuli zilifungwa, na mvua za vuli bado zilikuwa zinanyesha. Watoto wawili wakawa ndani kutwa.

Yusra ana miaka tisa. Mdogo wake, Ubwa, ana sita. Nyumba yao iko Malindi, ghorofa ya pili, na ngazi zake ni za mawe, nyembamba na zimesimama. Nje mvua, jikoni mafuta ya moto. Basi watoto wakacheza kwenye ngazi. Siku ya kwanza Yusra aliteleza akachubuka goti. Siku ya pili Mayasa akampa Ubwa simu yake.

Mimi simlaumu. Nani kati yetu hajawahi kutoa simu ili apate kupumua? Ubwa alitulia saa ile ile. Akakaa kwenye ngazi ya tatu, kimya, uso kauinamisha. Yusra naye akanuna, kwa sababu zamu yake haikufika.

Wiki ikapita. Mayasa akaanza kuona jambo lililomtia khofu.

"Yusra," aliita siku moja kutoka jikoni.

"Labeka, mama."

"Ubwa."

Kimya.

"We Ubwa. Nnakuita."

Kimya vile vile. Na Ubwa hakuwa mtoto wa kuitwa mara mbili. Tangu ana miaka mitatu, ukitaja jina lake tu, "Naam" ishafika, hata kama yuko chooni. Majirani walikuwa wakimwita bila ya sababu, wapate kuisikia tu. Sasa mama yake alisimama mbele yake akamwita, na mtoto hata kope hapepesi.

"Mwanangu hasikii," Mayasa alimwambia Mbarouk wakati wa chakula. "Mara nne leo nimemwita. Nnaogopa ile homa ya mwezi uliopita imemharibu masikio."

Mbarouk aliacha kula. "Kesho mpeleke hospitali," alisema.

Asubuhi yake Bi Naznin alipanda ngazi. Bi Naznin anakaa ghorofa ya chini. Alisomesha watoto wa chekechea miaka thelathini, na sasa kastaafu. Kila Jumatano huja kuchukua sambusa zake sita. Siku hiyo alimkuta Mayasa kavaa buibui, macho mekundu, na jiko halijawashwa.

"Kaa kwanza," Bi Naznin alisema baada ya kuelezwa. "Sikio linamuuma?"

"Hajasema."

"Linatoka usaha?"

"Halitoki."

"Homa anayo sasa?"

"Hana."

Bi Naznin alimfuata Ubwa pale kwenye ngazi akaichukua simu kwa upole. Ubwa akaangua kilio, kilio cha kujitupa chini. Bi Naznin hakumkemea wala hakumrejeshea. Alimkalia karibu mpaka akatulia. Kisha akaenda akasimama nyuma ya pazia la mlango, akanong'ona:

"Ubwa, nani anataka ubuyu?"

Ubwa aligeuka kabla neno halijesha. Mayasa akakaa chini kitako, pale pale sakafuni.

"Anasikia," alisema Bi Naznin. "Asingegeuka, tungekwenda hospitali sasa hivi, mimi na wewe. Na siku yoyote ukiona usaha, au analalamika sikio, au unamwita hasikii hata simu ikiwa imezimwa, usingoje. Lakini leo hasikii kwa sababu roho yake yote imo ndani ya simu. Kwako hapa amebaki mwili tu."

Mayasa alijifuta uso. "Sasa nifanyeje? Mikono yangu hii miwili, na yote imo kwenye unga."

"Watoto wanacheza wapi?"

"Kwenye ngazi."

"Na mlango ule?"

"Ule ukumbi wa wageni," Mayasa alijibu, na mkono wake ukaenda kwenye pindo la kanga, chini ya buibui. Humo ndimo anamofunga ufunguo.

Ukumbi ule ndio chumba kikubwa kuliko vyote katika nyumba. Una zulia jekundu, makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, na kabati la vikombe ambavyo hakuna aliyevinywea. Mayasa huufagia kila siku, kisha huufunga. Watoto hawatii mguu. Mavyaa wake, mama yake Mbarouk, Bi Mwanapili wa Bwejuu, siku ya kwanza kuja pale aliuzunguka ukumbi wote kwa macho yake kabla hajakaa. Mayasa hajaisahau siku ile.

"Mgeni wa mwisho kaja lini?" Bi Naznin aliuliza.

"Sikukuu."

"Sikukuu ipi?"

Mayasa alihisabu kwa vidole. "Ya kabla ya hii iliyopita."

Bi Naznin alijizuia kucheka, lakini alishindwa. "Basi wageni hawapo, watoto wapo. Fungua, mama."

Mayasa alifungua, roho haitaki. Wakakunja zulia wakaliegemeza ukutani. Wakatandika mkeka.

"Usiwamwagie vitu vyote kwa pamoja," Bi Naznin alimwambia. "Kitu kimoja asubuhi, kimoja baada ya adhuhuri. Kaa nao robo saa mwanzo, kisha urudi jikoni kwako. Wakikwambia hawana la kufanya, usikimbilie kuwapa. Waache wachoke kidogo, watabuni wenyewe. Na wakifanya vibaya, usiwafanyie wewe. Mkasi uwe butu. Na jikoni, moto ukiwaka, mtoto asiingie."

"Na simu?"

"Wakishasali alasiri. Nusu saa, wote wawili, na wewe uwepo. Usimpe ili anyamaze."

Nisikudanganye. Siku ile ilikuwa mbaya. Ubwa aliitafuta simu mpaka ndani ya pipa la mchele. Alilia, akakataa kula, akamwambia mama yake hampendi. Mara mbili Mayasa aliitoa simu mfukoni, na mara mbili akairejesha. Mwisho alichukua sinia la manda, zile chapati nyembamba za kufungia sambusa, nyama iliyokwisha kupoa na kibakuli cha uji mzito wa unga wa kugandishia, akavileta ukumbini. Akakaa akaanza kukunja.

Yusra alikuja kukaa. Baadaye kidogo Ubwa akasogea kwa magoti.

"Hii kona inakwenda wapi?" aliuliza.

Ilikuwa wiki nzima hajauliza kitu. Mayasa alimwonesha polepole, kwa sababu machozi yalikuwa yanamlenga. Sambusa ya kwanza ya Ubwa ilikuwa na kona tano. Mayasa akaikaanga hivyo hivyo, na Mbarouk akaila kwanza.

Siku zikaenda. Ule uji wa unga ulikuwa gundi pia, basi wakabandika gazeti kwenye vijiti vya ufagio wakatengeneza kishada cha kurusha, wakakitundika kungojea jua. Wakapanda mbegu za mchicha kwenye vikopo. Bi Naznin akawaletea kopo la plastiki lililonyooka, wakaliweka nje ya dirisha kupimia mvua. Kila asubuhi Ubwa alilipima kwa vidole, Yusra akaandika kwenye daftari, na maji wakayamwaga, maana Bi Naznin aliwaambia maji yakilala mbu watazaa.

"Jana vidole viwili," Ubwa alimtangazia baba yake. "Juzi kidole na nusu."

"Ndio maana tulilowa bandarini," Mbarouk alisema.

Wiki ya tatu, mchana mmoja, ilibishwa hodi. Mayasa alichungulia akamwona mavyaa wake, Bi Mwanapili, analowa mlangoni na pakacha mkononi. Hakutoa taarifa. Ukumbini zulia limesimama ukutani, gundi imekauka kwenye mkeka, kochi limekuwa meli, na vile vikombe vya kabatini vinapimiwa mchanga wa mchicha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

Bi Mwanapili alipita moja kwa moja mpaka ukumbini. Akasimama mlangoni. Macho yake yakazunguka chumba chote, kama siku ile. Mayasa alianza kuomba radhi, lakini mavyaa wake alikuwa ashavua buibui, anakaa mkekani kwa shida za magoti.

"Nilipokuwa nakuja hapa," alisema, "wajukuu zangu wakisimama pale mlangoni wananitazama kama askari. Mimi kwenye kochi peke yangu. Nilikuwa naona baridi, Mayasa, ndio maana sikuwa naja."

Miaka yote ile Mayasa aliufunga ukumbi kwa ajili ya huyu huyu. Alikwenda jikoni kuchemsha chai ya tangawizi.

Pakachani mlikuwa na ukindu, yale majani ya kusukia mikeka. Bi Mwanapili alimpa Yusra miyaa minne, na Ubwa minne, akawaonesha kusuka ukili, ule ukanda unaoshonewa mkeka. Kutoka jikoni Mayasa aliwasikia wanabishana, wanafumua, wanaanza tena. Kisha ghafla pakawa kimya.

Ile khofu ya zamani ikamrudia.

"Ubwa," aliita, wala hakupaza sauti.

"Naam, mama. Nnakuja, nnamalizia ukili wangu."

Mayasa aliegemea ukuta. Hakuwa na la kumtuma.

"Basi usije," alisema. "Nilitaka kukusikia tu."